Karafuu inaua seli, jino linatulia: jinsi dawa za kuziba meno zinavyopimwa kwa seli hai

Ukichanganya unga wa oksidi ya zinki na yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, unapata mojawapo ya dawa kongwe za kuziba jino kwa muda. Mgonjwa aliyekesha kwa maumivu huwekewa, na mara nyingi kabla ya jioni jino limetulia. Lakini kipande cha dawa hiyohiyo kikiwekwa kwenye kisahani chenye seli hai, kesho yake unakuta hali nyingine kabisa. Seli zilizokuwa zimejitandaza chini kama mitumbwi iliyochongoka ncha mbili zimejikunja kuwa viduara, zimebanduka, zinaelea. Katika vipimo vya aina hii, mchanganyiko wa zinki na yujenoli ni miongoni mwa dawa zinazoua sana.

Matokeo yote mawili ni ya kweli. Anayejua la kwanza tu atasema kipimo cha seli ni mchezo wa maabara. Anayejua la pili tu ataandika mtandaoni kwamba madaktari wa meno wanatia watu sumu. Kinachotenganisha matokeo hayo ni kiasi cha yujenoli kinachoifikia seli. Yujenoli hutoka kwenye dawa pale maji yanapovunja muungano wake na zinki. Kisahanini maji ni tele, na seli ziko wazi. Ndani ya jino kuna dentini katikati, tabaka gumu lililo chini ya enameli, lenye unyevu kidogo tu. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1984 vilionyesha kwamba ukolezi wa yujenoli mara tu chini ya dawa hufika karibu molari 0.01 (molari ni kipimo cha wingi wa kemikali kwa lita), lakini ukivuka dentini na kukaribia kiini cha jino, penye neva na mishipa ya damu, huwa umeshuka hadi molari 0.0001 au chini ya hapo. Ni tofauti ya mara mia. Kwenye kiwango cha juu yujenoli huua seli. Kwenye kiwango cha chini hutuliza neva.

Kwa hiyo ripoti inayosema dawa fulani "ina sumu kwa seli" haijamaliza habari. Lazima uulize: sampuli ilitengenezwaje, ikalowekwa kwenye nini, kwa muda gani, na kati yake na seli palikuwa na nini?

Swali dogo linaloulizwa

Tunaita "dawa ya kuziba", lakini kwa sheria ni kifaa tiba, na nchini Tanzania husimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kama sindano na glavu. Kabla ya kuingia kwenye kinywa cha mtu, kifaa kinachogusa mwili hupitia mlolongo wa vipimo, na kipimo cha seli ndicho cha kwanza kwa sababu ni cha haraka, cha bei nafuu, na hakihitaji mnyama. Kinaongozwa na viwango viwili vya kimataifa: ISO 10993-5, toleo la 2009, kinachohusu vifaa tiba vyote, na ISO 7405, kinachohusu vifaa vya meno peke yake.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuloweka dawa, kisha kuzimwagia seli yale maji yaliyolowekewa, ambayo hapa tutayaita dondoo. Ya pili ni kuiweka dawa juu ya seli moja kwa moja. Ya tatu ni kuweka kizuizi katikati: tabaka la agari (utelezi ulioganda unaotokana na mwani), karatasi ya kuchujia, au kipande cha dentini.

Njia ya agari inafaa kutazamwa kwa sababu jibu lake linaonekana kwa macho. Seli hufunikwa kwa agari laini, kisha hutiwa rangi nyekundu ambayo seli hai huimeza na kuihifadhi ndani. Dawa huwekwa juu ya agari kwa saa 24. Seli zilizoumia huiachia rangi, na chini ya dawa hubaki duara jeupe. Duara likiishia chini ya kipande chenyewe, hilo ni dhara dogo, daraja la 2. Likitoka nje ya kingo hadi sentimita 1 ni daraja la 3, na zaidi ya hapo ni la 4. Udhaifu wake ni kwamba kinachopimwa pia ni uwezo wa kemikali kupenya kwenye agari. Sumu kali isiyopenya vizuri itatoa duara dogo na kuonekana mpole.

Maabara nyingi hutumia dondoo pamoja na rangi ya MTT, na hapo ndipo penye mambo mengi ya kufafanua.

Kinachotoka ndani ya dawa

Kompositi, dawa nyeupe inayokaushwa kwa taa ya bluu, ni unga wa glasi uliofinyangwa na monoma, molekuli ndogo zinazoweza kushikana kuwa mnyororo mrefu, yaani polima. Monoma yake maarufu, Bis-GMA, ilitokana na kazi ya Rafael Bowen huko Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1962. Bis-GMA ni nzito kupita asali, kwa hiyo huzimuliwa na monoma nyepesi, hasa TEGDMA. Gundi inayopakwa kwanza kwenye dentini huwa na nyingine ndogo zaidi, HEMA, ambayo hupenda maji.

Kliniki husema "kukausha", ingawa hakuna kinachokauka. Mwanga huamsha kichocheo, kwa kawaida kamforikwinoni, ambayo humeza mwanga zaidi kwenye nanomita 468 hivi, na monoma huanza kushikana kuwa polima. Kazi hiyo haifiki asilimia 100. Katika kompositi za kawaida, asilimia 50 hadi 75 tu ya vifungo ndivyo vinavyofunga. Monoma nyingi zilizobaki zimeshikwa upande mmoja, haziendi popote. Ila chache ziko huru kabisa, na hizo ndizo hutoka, nyingi katika siku ya kwanza.

Ndogo ndizo husafiri mbali. TEGDMA na HEMA huingia kwenye seli na kumaliza glutathioni, kinga ya seli dhidi ya oksijeni kali. Kinga ikiisha, oksijeni hiyo hushambulia protini, utando na hata DNA. Seli iliyopata dozi ndogo husimama kugawanyika, iliyopata dozi kubwa hufa. Kipimo cha saa 24 hakitofautishi vizuri kati ya iliyosimama na iliyokufa, jambo ambalo ripoti nyingi hulipita kimya.

Sampuli: hapa ndipo kipimo hufaulu au huharibika

Kipimo kinaweza kuamuliwa kabla seli hazijaguswa. Tuseme tunatengeneza vidonge vya kompositi vyenye kipenyo cha milimita 5 na unene wa milimita 2, ndani ya kalibu ya Tefloni. Kalibu hukaa juu ya kioo kilichowekwa utepe mwangavu wa poliesta. Dawa hujazwa kwa msukumo mmoja ili isibaki na povu, utepe wa pili huwekwa juu, na kioo cha pili hukandamiza mpaka ziada itoke.

Utepe huo una kazi kubwa kuliko kulainisha uso. Oksijeni ya hewani huzuia monoma kushikana, na pale kompositi inapokaushwa bila kufunikwa hubaki na utando wa kunata juu. Utando huo ni monoma karibu tupu. Maabara moja ikifunika na nyingine isifunike, zitapata majibu mawili tofauti kwa dawa ileile ya kopo lilelile, na hakuna iliyodanganya.

Kisha taa. Taa yenye nguvu ya miliwati 1000 kwa sentimita ya mraba, ikiwaka sekunde 20, inatoa jouli 20. Taa iliyochoka inayotoa miliwati 400 hutoa jouli 8 kwa muda uleule, na kufikia jouli 20 itahitaji sekunde 50. Kwa macho huwezi kuzitofautisha; zote ni za bluu, zote zinaumiza macho. Ndiyo maana nguvu ya taa hupimwa kwa kipimamwanga kabla ya kila kundi la sampuli, ncha yake hufutwa mabaki ya kompositi iliyogandia, na umbali kati ya ncha na sampuli huandikwa. Milimita chache za umbali hupunguza mwanga kwa kiasi cha kutosha kubadilisha jibu.

Wapo wanaokausha kidonge pande zote mbili. Kwenye tundu la jino daktari ana upande mmoja tu wa kumulika. Ukimulika chini na juu, umeipendelea dawa, na upande wa chini ndio unaotazama kiini cha jino. Kilicho sawa ni kufuata maelekezo ya mtengenezaji kama yanavyofuatwa kliniki: upande mmoja, sekunde zilizoandikwa, unene usiozidi uliotajwa.

Usafishaji wa vijidudu nao una mitego. Otoklevu, chombo cha kutakasa kwa mvuke wenye shinikizo, kwa joto lake huendelea kuipika kompositi na kuivujisha. Pombe ya asilimia 70 huyeyusha monoma za juu na kuondoka nazo, kwa hiyo sampuli chafu hutoka safi. Njia inayosumbua kidogo zaidi ni kutengeneza sampuli kwa vifaa vilivyotakaswa tangu mwanzo, ndani ya kabati la hewa safi, na kumulika kila uso kwa miale ya urujuanimno kwa dakika chache. Hata hiyo iandikwe kwenye ripoti, kwa kuwa nayo ni mwanga.

Mtu akikuletea matokeo mazuri mno, angalia kama sampuli zililowekwa wiki nzima kwenye maji na kumwagwa kabla kipimo hakijaanza. Hilo si kosa likisemwa wazi. Linaonyesha hali ya jino baada ya wiki. Halionyeshi usiku wa kwanza.

Hesabu ya maji

Dondoo hutengenezwa kwa kuloweka sampuli kwenye maji ya kukuzia seli yaliyotiwa seramu ya ndama, kwa nyuzi 37 za selsiasi, kwa saa 24. Seramu imo makusudi: inavuta vitu vinavyopenda maji na vile vinavyopenda mafuta. Maji matupu yangeacha nusu ya habari ndani ya kidonge.

Kiasi cha maji hufuata eneo la sampuli. Kwa kitu chenye unene wa nusu milimita au zaidi kama hiki, kiwango ni sentimita 3 za mraba kwa kila mililita 1. Kwa utando mwembamba usiofika nusu milimita ni sentimita 6 za mraba, na kwa vipande visivyo na umbo ni gramu 0.2 kwa mililita.

Kidonge chetu kina nyuso mbili zenye jumla ya milimita za mraba 39.3, na ukingo wa milimita za mraba 31.4. Jumla ni 70.7, yaani sentimita ya mraba 0.71. Kwa hiyo kimoja kinastahili mililita 0.236 tu, chini ya robo mililita. Watu huona ni kidogo mno kufunika sampuli, wanaongeza "kidogo" hadi mililita 1, na hapo wameshaizimua sumu zaidi ya mara nne bila kuandika. Dawa ya hilo ni kuongeza vidonge. Sita vina sentimita za mraba 4.24 na vinahitaji mililita 1.41. 

Dondoo halirekebishwi asidi yake wala halichujwi bila sababu, na likifanyiwa hivyo lazima isemwe. Chujio hunasa monoma, na asidi yenyewe ni sehemu ya tabia ya dawa. Maji ya kukuzia seli huwa na rangi ya fenoli nyekundu inayobadilika kufuata asidi, kwa hiyo mara nyingi unajua mapema. Saruji ya glasi ayonoma iliyotoka kuchanganywa huyageuza kuwa manjano. Hidroksidi ya kalsiamu, inayowekwa karibu na kiini tundu likiwa refu, huyageuza kuwa waridi iliyokolea, kwani ualkali wake, ambao ni kinyume cha asidi, hufika pH 12.5.

Seli na kisahani cha visima 96

Seli zinazotumika sana ni L929, fibroblasti za panya, yaani seli zinazojenga tishu unganishi. Ukoo wake ulianzishwa miaka ya 1940 katika taasisi ya saratani ya Marekani, na umekuwa ukigawanyika tangu hapo. Mtu anaweza kuuliza seli ya panya iliyozeeka hivyo inahusianaje na jino la mtu. Kwa uhusiano wa kibaiolojia, kidogo. Umuhimu wake ni kwamba Nairobi, Regensburg na Osaka wote wanaweza kuwa na seli zilezile na kulinganisha majibu. Fibroblasti za ufizi au seli za kiini zilizotoka kwenye jino la mtu ziko karibu zaidi na ukweli, ila kila mtu ana zake, na baada ya vizazi vichache zinachoka. Hekima ni kuanza na L929 ili upate namba inayolinganishika, kisha kwenda kwenye seli za binadamu kwa swali mahususi.

Seli huhesabiwa na kutiwa 10,000 kwa kila kisima cha kisahani cha plastiki chenye vishimo 96, ndani ya mikrolita 100. Visima vya pembezoni, 36 kwa jumla, havitiwi seli. Hutiwa maji ya kukuzia tu, kwa sababu ndivyo vinavyopoteza maji kwa haraka ndani ya inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli. Vinabaki 60 vya kazi: safu kumi zenye visima sita kila moja. Kama vyote 60 vingetiwa seli, ungehitaji mililita 6 za seli. Andaa 7, yaani seli 700,000, maana pipeti haimalizi tone la mwisho.

Safu ya 2 na ya 11 ni seli zisizopewa chochote, moja kushoto na moja kulia. Safu nne ni za dondoo: zima, nusu, robo na thumuni. Zinazobaki ni za kulinganishia: kitu kinachojulikana kuua, kama filamu ya poliyurethani yenye kiwanja cha zinki, kitu kinachojulikana kutodhuru, kama plastiki ya polithini nzito, na kitu cha tatu ambacho wengi hukisahau, dondoo bila seli.

Seli hupewa saa 24 kushika chini. Wakati wa kumwaga dondoo ziwe zimefunika karibu nusu ya kisima. Zikijaa mpaka zikasongamana, huacha kukua na huwa sugu, na dawa mbaya hupita. Baada ya saa 24 nyingine za dondoo, zitazame kwanza kwa hadubini kabla ya kutia rangi yoyote. Mashine haitakwambia kwamba kisima kina ukungu.

Kisha maji huondolewa na kila kisima hutiwa mikrolita 50 za MTT, miligramu 1 kwa mililita. MTT, iliyoingizwa kwenye kazi hii na Tim Mosmann mwaka 1983, ni ya manjano. Vimeng'enya vya seli iliyo hai huigeuza kuwa formazani ya zambarau isiyoyeyuka majini. Baada ya saa 2, ukiangalia kwa hadubini unaona sindano nyembamba nyeusi-zambarau zikichomoza kutoka kwenye kila seli, kama miba ya nungunungu. Seli iliyokufa haina sindano. MTT hunyonywa taratibu, hutiwa mikrolita 100 za isopropanoli, kisahani hutikiswa mpaka sindano ziyeyuke, na mashine husoma kwenye nanomita 570, ikipunguza usomaji wa 650. Kisahani kizuri hata mtoto angekisoma: zambarau iliyokolea pande mbili, ikififia kuelekea safu ya dondoo zima.

Kinachoharibika

Kosa linalogeuza hukumu mara nyingi ni lile la kukosa safu ya dondoo bila seli. Tuseme seli zisizopewa kitu zinasoma 0.92, kisima kitupu 0.05, na seli zilizopewa dondoo 0.70. Ukiondoa 0.05 kila upande unapata 0.65 kwa 0.87, asilimia 75. Imefaulu, maana mpaka ni asilimia 70. Lakini dawa ikiwa imeacha chembechembe chini ya kisima, au kemikali inayoigeuza MTT yenyewe bila msaada wa seli, kisima cha dondoo bila seli kitasoma, tuseme, 0.13. Sasa ni 0.57 kwa 0.87, asilimia 66. Imeanguka.

Seli hunyonywa pamoja na maji. Seli iliyojeruhiwa hushika chini kwa ulegevu, na mkono wa haraka huiondoa hata kama bado iko hai. Elekeza ncha ya pipeti pembeni, si katikati. Sindano zisipoyeyuka zote, usomaji wa visima sita vya safu moja huruka huku na huku. Rudisha kwenye kitikisio. Mikoplazma, vijidudu visivyoonekana kwa hadubini ya kawaida, vinaweza kubadilisha jinsi seli inavyogeuza MTT, na vikishaingia kwenye ukoo wa seli kila jibu la miezi hiyo lina shaka.

Kiwango kinaweka mitego mitatu ya kukamata kisahani kibaya. Seli zisizopewa kitu lazima zisome angalau 0.2. Safu ya kushoto na ya kulia zisiachane na wastani wao kwa zaidi ya asilimia 15. Zikiachana, aliyegawa seli aliacha zikazama chini ya chupa akiwa katikati ya kazi. Na nusu ya dondoo isiue kuliko dondoo zima. Ikiua zaidi, rudia, kwani uzimuaji ulikosewa.

Jambo moja la takwimu: visima sita vya safu moja si majaribio sita. Ni jaribio moja lililosomwa mara sita. Majaribio matatu ni sampuli tatu zilizotengenezwa siku tatu tofauti, na seli tatu zilizopandwa upya.

Asilimia 70

Mpaka ni huu: uhai ukishuka chini ya asilimia 70 ya seli zisizopewa kitu, kuna athari ya sumu kwa seli. Haisemwi kwamba dawa itupwe. Inasemwa kwamba kuna kinachotoka, na anayetaka kuiuza aeleze ni nini, kiasi gani, kwa muda gani, na kinafika wapi mwilini. Dawa yenye asilimia 71 na yenye 69 hazina tofauti ya maana. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko ile ya kubadilisha taa. Lenye maana ni mwelekeo wa safu nne. Dawa inayoua kwenye dondoo zima tu na kupona kwenye nusu ni tofauti sana na inayoua mpaka kwenye thumuni.

Glasi ayonoma ni mfano mzuri. Saruji hiyo, iliyotangazwa na Wilson na Kent wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, hushikana kwa asidi na unga wa glasi bila taa. Ndiyo mhimili wa ART, mbinu ya kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono na kuziba bila mashine wala umeme, iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na ambayo Shirika la Afya Duniani liliinadi mwaka 1994. Ikiwa mbichi, dondoo lake lina asidi, floraidi na aluminiamu, na seli huumia. Ikiachwa saa 24 ishikane, dondoo huwa pole zaidi. Aina yake iliyoongezwa resini, yaani monoma kama za kompositi, na kukaushwa kwa taa kwa kawaida huua seli kuliko ile ya asili, na mshukiwa mkuu ni HEMA. Hata hivyo ndani ya jino asidi hukutana na dentini, ambayo ni madini yanayoizima.

Kurudisha dentini katikati

ISO 7405 ina njia inayojaribu kurudisha ukuta huo. Gottfried Schmalz na wenzake wa Regensburg, Ujerumani, waliijenga kwa kisanduku chenye vyumba viwili. Katikati huwekwa kipande cha dentini ya ng'ombe, mara nyingi cha unene wa nusu milimita. Upande wa chini ni seli zilizotokana na kiini cha jino la ndama, zikikua kwenye matundu ya kitambaa kwa tabaka badala ya kutandazwa, na maji ya kukuzia hupita polepole kama damu inavyopita kwenye kiini. Dawa huwekwa upande wa juu, kama daktari angeiweka.

Matokeo hapa hupangika upya. Saruji zilizokuwa zikiua seli kisahanini hupoa. Resini zenye HEMA nyingi zinaweza kuendelea kuumiza, kwa kuwa HEMA ni ndogo na hupenya kwenye mirija ya dentini. Ugumu uko kwenye dentini yenyewe: mirija ni mingi na mipana karibu na kiini, michache karibu na nje, kwa hiyo vipande viwili vya jino moja vinaweza kupitisha maji kwa viwango tofauti kabisa. Lazima kila kimoja kipimwe upitishaji wake kwanza, na visivyolingana viachwe. Ni kazi ya wiki, si ya siku tatu, na ndiyo sababu ripoti nyingi huishia kwenye dondoo.

Yujenoli tena, upande mwingine: ni fenoli, na fenoli hunasa chembe zinazoendesha ukaukaji wa kompositi. Kompositi ikiwekwa juu ya zinki na yujenoli mbichi hubaki laini kwa chini, na monoma huru huongezeka mahali pabaya. Dawa mbili zilizofaulu kila moja peke yake zinaweza kuanguka zikiwa pamoja, na hakuna kipimo cha kawaida kinachozipima pamoja.

Ambacho seli haiwezi kusema

L929 haina kinga ya mwili, kwa hiyo haiwezi kupata aleji. HEMA kwa kiasi kisichoua seli hata moja kinaweza kumfanya mtu awe na aleji maisha yake yote. Walio hatarini zaidi ni wanaoishika kila siku: madaktari wa meno, wasaidizi wao, na mafundi wa kucha, kwa sababu HEMA hiyohiyo imo kwenye jeli nyingi za kucha zinazokaushwa kwa taa. Glavu za mpira wa kawaida haziizuii kwa zaidi ya dakika chache. Fundi aliyepata aleji kwenye kucha anaweza kuvimba kinywa siku anayozibwa jino, na ndiyo sababu daktari anayeijua kazi yake humuuliza mgonjwa kuhusu kucha kabla ya kupaka gundi.

Kipimo cha hilo hufanyika ngozini. HEMA ya asilimia 2 ndani ya vaselini hubandikwa mgongoni kwa siku mbili, plasta huondolewa na mahali hapo husomwa, kisha husomwa tena siku ya tatu au ya nne, na ikibidi siku ya saba, kwa kuwa aleji ya namna hii hujitokeza kwa kuchelewa.